Kanisa Kuu Juu ya Migomba Yetu

Nilikwenda kupima fremu ya picha, basi. Mfukoni nilikuwa na futi ya kukunja na kipande cha penseli, na kichwani nilikuwa nikiwaza mbao za mpodo nilizobakiza nyumbani, kama zingetosha. Sikutegemea kurudi kwetu siku ile nikikimbia kama mtu aliyekutana na nyati njiani.

Ilikuwa miaka ya vita vile vikubwa vya Wazungu. Pale Tengeru, karibu na ziwa, Serikali ya Mwingereza ilikuwa imewaweka wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, watu waliofukuzwa kwao wakapitishwa nchi nyingi hadi wakaishia chini ya mlima wetu. Walijengewa vibanda vya duara, kuta chokaa, juu nyasi. Ukivitazama kutoka kwetu juu vilikuwa kama uyoga uliochipua baada ya mvua. Sisi Wameru tulishangaa sana. Hatukuwa tumewahi kuona Mzungu anayejichotea maji, anayefua nguo zake, anayepalilia kabichi huku amevaa viatu vya mbao. Wazungu tuliowajua walikuwa wenye mashamba ya kahawa, na wale hawakuwa watu wa kuinama.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimefundishwa useremala misheni, nimeoa mwaka uliotangulia. Kambi ilihitaji vitanda, mabenchi na milango, nikapata kazi. Ndivyo nilivyofahamiana na mama mmoja aliyekuwa akiwafundisha watoto wa kambi kuchora. Umri wake ulikuwa kama wa mama yangu. Alikuwa mrefu, mwembamba, kitambaa kichwani siku zote, na kucha zake hazikutakata kamwe: leo bluu, kesho kahawia. Mara nyingi tulimwona kando ya barabara amesimamisha kitu chake cha miguu mitatu, anaukodolea mlima macho kama anayeuuliza swali. Kiswahili chake alikiokota sokoni kwa wauza ndizi. Hakikuwa na ngeli, lakini kilifika.

"Fundi," aliniambia asubuhi ile, akichora mraba hewani kwa kidole, "mimi nataka mbao hapa, hapa, hapa na hapa."

Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, uso umeelekea ukuta. Akaigeuza.

Kwanza sikuona kitu. Picha nilizozijua mimi zilikuwa zile za misheni, mchungaji na kondoo, kila rangi imekaa ndani ya mstari wake kama ng'ombe zizini. Hii haikuwa na mistari. Niliona madoa tu, rangi nene iliyopakwa kwa kisu, imevimba ikakauka kama udongo wa ukuta ambao fundi hakuusawazisha. Nikasema moyoni, mama huyu ameharibu turubai zima la hema. Naye, kana kwamba amenisikia, akanishika bega akanirudisha nyuma, hatua moja, mbili, tatu, mpaka mgongo wangu ukagusa mlango.

Hapo madoa yakajikusanya. Mlima ukasimama.

Nilitoa sauti, sijui ilikuwa neno au pumzi. Ulikuwa mlima wetu, na bega lake lile lililomegeka upande wa mashariki, lakini sikuwa nimewahi kuuona hivyo. Aliupaka rangi ya jicho lililopigwa ngumi, zambarau inayokwenda kwenye nyeusi. Mbingu ilikuwa ya mwezi wa saba, baridi tupu, wakati ukungu unapokaa mbavuni mwa mlima siku nzima na wazee hawaondoki motoni. Jua halikuwepo popote, ila chini kabisa palikuwa na mwanga wa manjano hafifu usiojulikana unatoka wapi. Picha nzima ilikuwa kimya. Kimya cha uani baada ya mazishi, watu wakishaondoka na vyungu vikabaki chini. Nilifahamu mlima unajionyesha, unajificha, unatishia mvua. Sikujua mlima unaweza kufiwa.

Kisha nikaona jengo.

Lilikuwa katikati ya mteremko, jekundu la matofali, lenye madirisha marefu membamba na mnara mmoja uliochongoka kama mkuki. Kanisa. Lakini kanisa la ukubwa nisioujua. Kanisa letu la misheni lingeweza kuingia kwenye mlango wake likageuka ndani. Mwanga wote ule wa manjano ulikuwa unakwenda kwake. Ndicho kitu pekee katika picha kilichochorwa kwa mistari iliyonyooka, tofali juu ya tofali, kana kwamba mkono uliopaka mlima ovyo ulifika pale ukaingiwa na adabu.

"Kanisa kubwa," akasema. "Kanisa ya askofu."

Nikaanza kutafuta nyumba yetu, kama anavyofanya mtu yeyote akionyeshwa kwao. Nilianzia kileleni nikashuka na macho. Bonde la mto lilikuwepo. Mgongo wa kilima ulikuwepo. Mringaringa wetu mkubwa, uliopigwa radi ukabaki na tawi moja la kushoto, ulikuwepo pia, kauchora vizuri hata nikaujua mara moja. Kulia kwa mringaringa ule ndipo palipokuwa na nyumba ya baba, zizi, migomba, na nyumba yangu mpya ambayo udongo wake ulikuwa bado haujakauka sawasawa.

Katika picha, kulia kwa mringaringa palikuwa na mlango wa kanisa.

Nikatazama tena. Nikahesabu mabonde kwa kidole. Hapakuwa na nyumba yetu, hapakuwa na ya baba mdogo, hapakuwa na ya mtu yeyote. Hapakuwa na moshi hata mmoja kwenye mlima mzima. Nilihisi vidole vya miguu vikipoa ndani ya viatu.

Msomaji wa leo anaweza kucheka. Lakini kwetu Meru wakati ule kila mtu alijua jambo moja: shamba la Mzungu huanza kwenye karatasi. Kwanza anakuja mtu anatazama mlima. Halafu anaandika. Halafu mwaka unapita, na siku moja unaambiwa kwamba mahali kilipozikwa kitovu chako si pako. Chini yetu kulikuwa na mashamba ya kahawa na mkonge yaliyotubana mpaka hatukuwa na pa kushushia ng'ombe. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya karatasi nyingine.

Nilipima fremu. Nilipima mara tatu, na mara zote tatu nilipata vipimo tofauti. Sikuthubutu kumuuliza kitu. Nilikunja futi yangu nikaondoka, nikapanda mlima nusu nikikimbia.

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi sita. Nilimweleza, akacheka mwanzoni.

"Kanisa? Hapa? Watu watasali wamekaa wapi, juu ya kahawa?"

"Hatupo," nikamwambia. "Katika picha hatupo. Wewe hupo, nyumba haipo, migomba haipo."

Akaacha kumenya. Mkono wake wenye kisu ukashuka taratibu hadi tumboni. Tukaenda wote kwa baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kupindukia, mtu asiyekosa ibada hata akiwa na homa. Tulimkuta anakula, mama yuko pembeni anaosha vibuyu vya maziwa. Nikaeleza tangu mwanzo. Nilidhani atapiga kelele kuhusu Wakatoliki wa kambini. Badala yake aliuliza kitu kimoja.

"Huyo mama ana kitu cha miguu mitatu?"

"Anacho. Anakisimamisha barabarani, anautazama mlima."

Baba akaweka bakuli chini. Mchuzi ukamwagika kidogo kwenye mkeka, naye hakuuona.

"Nilibeba mnyororo," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mnyororo gani, baba?"

"Wa kupimia. Wakati wa Mjerumani. Nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa." Alikuwa anaongea na bakuli, si na mimi. "Mzungu anachungulia kwenye kile chake cha miguu mitatu, sisi tunavuta mnyororo, tunapigilia vigingi. Siku tano. Nikapewa shuka na chumvi. Nilifurahi, mwanangu. Nilikimbia nyumbani nimpelekee bibi yako chumvi. Mwaka uliofuata wote waliokaa ndani ya vile vigingi wakaambiwa watoke."

Nililijua shamba lile. Kila mtoto wa kwetu alilijua. Nilikuwa nimesikia habari za kufukuzwa kwa watu wale kutoka kinywani mwa baba huyuhuyu, mara nyingi, na siku zote alizisimulia kama mtu aliyekuwa amesimama mbali akitazama. Nikamgeukia mama. Hakuinua kichwa, aliendelea kusugua kibuyu kilichokwisha kutakata. Hapo nikajua kwamba yeye alikuwa anajua.

Sijui niseme nini kuhusu siku zile tatu zilizofuata. Nilimwona baba kama mtu mgeni aliyevaa nguo za baba. Nilipokuwa napiga randa nilisikia mlio wa mnyororo.

Jumapili baada ya ibada akaniambia, "Twende." Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Tukashuka Tengeru kwa miguu.

Mama yule alifurahi kutuona. Alidhani nimemletea fremu. Alimwamkia baba "Shikamoo" kwa sauti kubwa kama alivyofundishwa sokoni, akatukalisha kwenye benchi nililolitengeneza mwenyewe, akatupa chai bila maziwa, na ndani yake kipande cha limau. Baba alilitazama lile limau likielea. Hakuigusa chai.

"Nionyeshe picha," akasema.

Picha ilikuwa juu ya miguu mitatu, katikati ya kibanda. Baba alisimama mbele yake, kisha akarudi nyuma mwenyewe bila kuelekezwa. Niliona uso wake ukipita mahali palepale nilipopita mimi: kwanza mlima, halafu jengo, halafu mringaringa. Alipofika kwenye mringaringa akamgeukia mama yule.

"Mama," akasema kwa utaratibu ili aeleweke, "nani amekutuma?"

"Tuma? Hapana tuma. Mimi tu."

"Hili kanisa litajengwa lini?"

Mama yule akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Jengwa? Hapana. Hii kanisa ya kwetu. Mji yangu. Ulaya." Akatafuta maneno, hakuyapata, akainua mikono yake yote miwili juu akaiachia ianguke, pwaa, juu ya magoti. "Vita. Bomu. Sasa hapana kanisa. Hapana nyumba. Hapana mtaa."

"Limekufa?" nikauliza.

"Limekufa."

Kisha baba akauliza, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kujua: "Basi kwa nini umeliweka kwangu?"

"Kwako?"

Nikaenda mlangoni nikaufungua wote. Siku ile mlima ulikuwa wazi. Nikamwita aje, nikamwonyesha kwa kidole: ule mringaringa, ule wenye tawi moja. Unauona? Sasa njoo kulia. Ile rangi ya kijani iliyokolea ni migomba. Ule moshi ni wa jikoni kwa mama yangu. Ule mwingine, mwembamba, ni wa mke wangu. Pale ni baba mdogo. Pale, pale na pale ni watu.

Alikuwa ameutazama mlima ule miaka miwili. Nilimwona akiuona. Aliachama mdomo, akaweka mkono wenye rangi juu yake, na rangi ikabaki shavuni.

"Mimi nafikiri msitu," akasema. "Mimi nafikiri miti tu."

"Ni sisi," baba akasema.

Lililofuata lilikwenda upesi kuliko ninavyoweza kulisimulia. Mama yule aligeuka, akachukua mezani kisu chake cha kuchanganyia rangi, akaenda moja kwa moja kwenye picha, akauweka ubapa wake kwenye ncha ya mnara na kuukwangua. Rangi haikuwa imekauka kwa ndani. Ilitoka kwa vipande, ngozi ngumu juu na ute mwekundu chini, ikianguka sakafuni. Mlio ulikuwa ule wa kuparua magamba ya samaki. Mnara mzima uliondoka mbele ya macho yetu, na kisu kikaingia kwenye paa.

"Acha!" baba akapiga kelele. "Acha, mama! Nyumba ya Mungu haibomolewi mbele yangu!"

Akamrukia akamkamata kifundo cha mkono.

Naomba uelewe tulikuwa wakati gani. Mtu mweusi, mzee wa Kimeru, ndani ya kibanda, amemshika mwanamke wa Kizungu mkono wenye kisu. Niliganda. Hata baba nadhani alielewa sekunde ileile alichokifanya, maana macho yalimtoka, lakini vidole vyake havikuachia, kana kwamba vilikuwa vya mtu mwingine. Na hapohapo mwanga wa mlangoni ukazibwa. Jirani yake, mwanamke mnene aliyebeba ndoo, alikuwa amesimama kizingitini. Ndoo ikamtoka, maji yakatapakaa mpaka miguuni mwangu, naye akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika sokoni.

Nikasikia buti za askari wa kambi zinakuja mbio. Niliona jela. Niliona mke wangu anajifungua peke yake.

Mama yule hakujitoa mkononi mwa baba. Aliachia kisu kikaanguka, na mkono wake mwingine akauweka juu ya mkono wa baba, akaufunika, akaushikilia pale. Akasema na jirani kwa lugha yao, sauti ya chini, maneno mengi. Askari alipofika, Mwafrika mwenzetu mwenye fimbo, akakuta watu wawili wazee wameshikana mikono kama wanaosalimiana.

"Huyu mgeni yangu," akamwambia askari. "Baba ya fundi. Ndoo naanguka, maji. Hapana shida."

Askari akatutazama, akaitazama sakafu, akaondoka akitikisa kichwa. Jirani akaokota ndoo yake. Mpaka leo sijui aliambiwa nini, ila tangu siku ile alikuwa akinipungia mkono.

Baba akaketi. Aliinywa ile chai ya limau yote, iliyokwisha kupoa. Mama yule alikuwa anatazama turubai lake. Mahali pa mnara palikuwa na kidonda kirefu, rangi ya mbingu imechanganyika na nyekundu.

"Lirudishe," baba akamwambia. "Mimi sikuja kubomoa. Nilikuja kuuliza."

"Mimi siwezi," akasema. "Mimi nasahau. Madirisha juu, tatu? Nne?" Akaanza kuhesabu kwa vidole, akasimama, akaanza upya. "Mimi nabatizwa hapo, naolewa hapo. Sasa sijui tatu, sijui nne." Na hapo ndipo alipolia, si wakati wa kisu.

Wiki hiyohiyo alipanda kwetu, peke yake, kwa miguu, bila miguu yake mitatu. Mama yangu alimpikia ndizi na nyama. Alizungushwa kila mahali: zizini, kwenye kahawa, kwenye kaburi la babu, nyumbani kwangu, ambako aliugusa ukuta kwa kiganja akamwambia mke wangu kwamba nasi tunapaka kwa mkono kama yeye. Baba alimuuliza juu ya kanisa lake mambo mengi. Watu wangapi walikaa? Kengele ililia kwa sauti gani? Alipojibu kwamba wakati wa Pasaka watu walijaa mpaka nje uwanjani, baba akatazama migomba yake, nikajua kwamba anawapanga humo kichwani.

Picha aliifanyia kazi mwezi mzima. Mnara hakuurudisha. Aliacha kuta zisimame bila paa, na chini yake akaanza kupaka kijani, majani mapana ya migomba yakiingia madirishani, hata usijue ni kanisa lililoota shambani au ni shamba lililoota kanisani. Moshi aliweka. Nilihesabu mioshi saba. Ile mbingu ya mwezi wa saba haikubadilika, wala ile zambarau. Bado ilikuwa picha ya msiba, lakini sasa kulikuwa na watu msibani.

Hayo yangetosha kunishangaza maisha yangu yote, lakini baba hakuwa amemaliza. Jumapili moja, mwishoni mwa matangazo, alisimama kanisani. Nilidhani atatangaza mchango. Alisimama na kofia mkononi akasema, mbele ya watu wote, kwamba yeye ndiye aliyevuta mnyororo uliopima lile shamba la chini. Alitaja siku tano. Alitaja shuka na chumvi. Akasema hakujua, kisha akasema kwamba hata alipojua alinyamaza, na kunyamaza ndiko kunakomwuma.

Mtoto mmoja alikohoa nikaruka. Mke wangu alinishika goti akaliminya mpaka likauma.

Katika benchi la mbele akanyanyuka bibi mmoja, mkongwe, mjane, ambaye mji wao wote ulikuwa ndani ya vile vigingi. Alichukua muda kusimama. Nilijua kwamba atamlaani baba, na kwamba laana ya mjane haina dawa.

"Tulijua," akasema.

Baba akainua uso.

"Mume wangu alikuona na mnyororo begani. Tulijua siku zote. Tulikuwa tunangoja useme." Akavuta pumzi. "Mume wangu alingoja mpaka akafa."

Akakaa. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga, akafungua tena, na hakuna aliyeimba mpaka mama yangu alipoanza, sauti ikimkatika.

Baba alijiuzulu uzee wa kanisa mwenyewe. Bibi yule hakuwahi kuingia nyumbani kwetu, lakini mavuno ya kahawa yaliyofuata alimtuma mjukuu wake aje kuomba ngazi, na baada ya hapo waliombana vitu, jembe, mbegu, moto. Kwetu watu wanaoombana moto si maadui. Mimi na baba tulichukua muda mrefu zaidi. Kuna siku nilimtazama akilima na hasira ikanipanda, na kuna siku nilimtazama nikamwona yule kijana anayekimbia na chumvi.

Vita viliisha. Kambi ikaanza kupungua, watu wakipelekwa nchi za mbali, si kwao, maana kwao walisema hakurudiki. Zamu ya mama yule ilipofika aliniita nimtengenezee sanduku la kusafirishia picha. Nilitumia mpodo mkavu, nikaunga kona kwa meno ya mbao yanayoumana, nikaweka pamba ndani. Mwanangu wa kwanza alikuwa anatembea tayari, alikuwa ananipokonya misumari. Tuliagana kwa kushikana mikono, na alilibusu paji la uso la mtoto, akamwacha na alama ya bluu. Lori likaondoka kuelekea Moshi, na kutoka Moshi treni, na kutoka treni meli. Hakuandika, au aliandika na barua haikufika. Sijui picha ile imetundikwa ukuta wa nani.

Niliporudi baba alikuwa ananingoja chini ya migomba, amesimama.

"Sanduku limekwenda?"

"Limekwenda, baba."

"Maungio uliyapaka lami?"

"Niliyapaka. Mara mbili."

"Vizuri," akasema. Hakuwa ameiona bahari hata siku moja. "Wanasema huko ni maji matupu, siku hadi siku, mtu haoni hata kilima." Akafikiri kidogo. "Ungepaka mara tatu."

Kisha akachukua jembe lake tukaenda kupalilia.